Mwogeleaji wa Nne



Historia ya mchezo wa kuogelea tumezoea kuisoma kwa majina ya mtu mmoja mmoja. Mtoto akishaanza kushindana, hachukui muda kujua kwamba Mark Spitz alitwaa medali saba za dhahabu Munich mwaka 1972, na kwamba Michael Phelps alitwaa nane Beijing mwaka 2008. Mabingwa hao wanastahili sifa zao zote, na mimi sikuja kuwapunguzia. Nimekuja na hesabu tu. Katika zile saba za Spitz, tatu ni za mbio za kupokezana. Miaka minne kabla ya hapo, Mexico City, kijana huyo alikwenda akitangaza kwamba angeshinda sita. Alirudi nyumbani na dhahabu mbili, na zote mbili alizipata akiwa na wenzake watatu. Kwenye mbio alizoogelea peke yake hakupata dhahabu hata moja. Phelps naye ana dhahabu 23 za Olimpiki, na kumi kati ya hizo ni za kupokezana. Zile nane za Beijing, zinazotajwa kana kwamba alizivuna mtu mmoja shambani mwake, moja ilikuwa imeshaponyoka mikononi mwake, ikarudishwa na mwenzake wa miaka 32 ambaye wengi hapa huenda hawalijui jina lake. Nitafika kwake.

Hoja yangu jioni ya leo ni moja. Nchi inaweza kumpata mwogeleaji mmoja hodari kwa bahati: mzazi mwenye uwezo, kipaji cha kuzaliwa, kocha mzuri aliyetokea kuhamia mji ule. Wanne huwapati kwa bahati. Ndiyo maana, nikitaka kujua mchezo umeshika mizizi kiasi gani mahali fulani, simuulizi kocha bingwa wake ni nani. Namuuliza: wa nne wenu anaogelea mita 100 kwa muda gani?

Kwanza tutazame tendo lenyewe, maana watazamaji wengi hulipitia juu juu. Katika riadha tunakiona kijiti kikitoka mkononi kuingia mkononi. Bwawani hakuna kinachopokewa. Kuna mkono unaogusa ukuta, na juu yake, kwenye jukwaa, kuna miguu inayoondoka. Sheria ni kwamba miguu isiachane na jukwaa kabla mkono haujagusa, na mitambo ya siku hizi inavumilia kosa la sekunde 0.03 tu. Sasa mtazameni yule aliyesimama juu. Hangoji kuona mguso, kwa sababu akiungoja amechelewa. Anakitazama kichwa cha mwenzake kinavyokuja, anahesabu mikono ya mwisho, kisha anaanza kuzungusha mabega na kuuelekeza mwili mbele huku mwenzake akiwa bado yuko umbali wa mkono kutoka ukutani. Mwili umeshakwenda, vidole vya miguu tu ndivyo vimebaki. Akifanya vizuri, anaokoa karibu nusu sekunde ukilinganisha na anayengoja king'ora cha kuanzia. Kuna makabidhiano matatu, kwa hiyo hapo mna sekunde moja na nusu ambayo hakuna aliyeitolea jasho la ziada. Kwa sababu hiyohiyo, muda wa mwogeleaji wa kwanza peke yake ndio unaoweza kuhesabiwa kuwa rekodi binafsi.

Na anayekuja ana wajibu wake. Asiteleze mita za mwisho, asiinue kichwa kutafuta ukuta, asipunguze mkono wala kuongeza mwingine mfupi, kwa sababu mtu aliye juu amejitupa kwa kuuamini mwendo wake. Nikiwaona vijana wanaofanya mazoezi haya mara mia kwa juma, najua wana kocha anayejua kazi yake. Nidhamu hiyo haiishii hata kwenye mguso wa mwisho. Katika mashindano ya dunia ya Fukuoka mwaka 2001, mbio za mita 200 mara nne za wanawake, Waaustralia waliruka majini kushangilia kabla timu nyingine hazijamaliza, wakaondolewa. Wamarekani nao wakaondolewa, dhahabu ikaenda Uingereza.

Mbio hizi zilichukua muda kupata umbo lake. Paris mwaka 1900, washindani waliogelea katika mto Seine, na mashindano ya timu yalikuwa ya kujumlisha pointi: watu watano wa timu moja, kila mmoja kwa nafasi aliyomaliza. Wajerumani wakashinda. London mwaka 1908 ndipo tulipopata kupokezana kwenyewe, mita 200 mara nne, katika bwawa la urefu wa mita 100 lililochimbwa ndani ya uwanja wa riadha. Wahungaria waliongoza hadi zamu ya mwisho, na zamu hiyo walimpa Zoltán Halmay, mmoja wa waogeleaji hodari kuliko wote wa zama zake. Halmay akaishiwa nguvu njiani. Henry Taylor, kijana wa kiwanda cha pamba kutoka kaskazini mwa Uingereza, akampita, na Waingereza wakamaliza kwa dakika 10 na sekunde 55.6.

Lakini mwaka ambao ningependa mwalimu yeyote wa kuogelea aufundishe ni 1912, Stockholm. Ndiyo mara ya kwanza wanawake waliruhusiwa kuogelea kwenye Olimpiki. Australia ilikuwa na wanawake wawili wenye kasi kuliko wote waliokuwapo, Fanny Durack na Mina Wylie. Hata kusafiri kwao kulipatikana kwa ubishi, kwa kuwa kanuni za chama chao huko New South Wales ziliwakataza wanawake kushindana mbele ya wanaume. Walifika. Katika mita 100 mtindo huru Durack akachukua dhahabu, Wylie akachukua fedha. Kisha ikaja mbio ya kupokezana, mita 100 mara nne, na wao walikuwa wawili. Wakaomba waruhusiwe kuogelea zamu mbili kila mmoja. Fikirieni kilichomo ndani ya ombi hilo: wasichana wawili wako radhi kuogelea mita 200 kila mmoja dhidi ya timu za watu wanne waliopumzika, na wanaamini watashinda. Wakakataliwa.

Dhahabu ikaenda Uingereza, kwa Belle Moore, Jennie Fletcher, Annie Speirs na Irene Steer. Moore alikuwa Mskoti wa miaka 17, Steer alitoka Wales, Fletcher alitoka Leicester. Katika hao wanne ni Fletcher pekee aliyekuwa ameshinda medali katika mbio binafsi, nayo ni shaba. Walimaliza kwa dakika 5 na sekunde 52.8, zaidi ya sekunde kumi mbele ya Wajerumani. Hakuna aliyewadhulumu Durack na Wylie siku ile. Sheria ya wanne ni sheria ya haki. Kilichoonekana ni kwamba Australia ilikuwa na kilele bila mlima, na Uingereza ilikuwa na mabwawa ya umma katika miji yake ya viwanda, yenye vilabu vya wasichana ndani yake.

Sasa niruhusuni nikae kidogo Montreal, mwaka 1976, kwa sababu sijui mbio nyingine inayonigusa kama ile.

Wanawake wa Ujerumani Mashariki waliingia Montreal wakishinda karibu kila kitu. Kati ya mashindano 13 ya wanawake walichukua 11. Leo tunajua kwa nini. Baada ya ukuta wa Berlin kuanguka, nyaraka za serikali yao zilifunguliwa na kesi zikaendeshwa mahakamani: wasichana wadogo walikuwa wakipewa vidonge vya homoni za kiume kwa mpango wa serikali, wengi wao wakiambiwa ni vitamini. Kwa hiyo nisemapo juu ya ushindi wao sisemi kwa kuwachukia. Wengi waliumizwa miili yao kwa maisha yote. Ila mwaka 1976 hakuna aliyekuwa na ushahidi mkononi, na Mmarekani Shirley Babashoff, aliyethubutu kusema hadharani kwamba kuna jambo, alisimangwa na magazeti ya nchi yake mwenyewe kwamba hajui kushindwa. Hadi kufikia mbio ya mwisho alikuwa na medali nne za fedha. Hakuwa na dhahabu.

Ilibaki mbio moja, mita 100 mara nne mtindo huru. Wajerumani wakamweka mbele Kornelia Ender, malkia wa mashindano yale, na alipogusa ukuta alikuwa amemwacha Mmarekani Kim Peyton kwa zaidi ya sekunde moja. Kwa kawaida mbio za kupokezana zinazoanza hivyo huwa zimekwisha. Peyton alikuwa ameogelea 56.95. Wendy Boglioli akaingia, akaogelea 55.81, pengo likapungua. Zamu ya tatu ilikuwa ya Jill Sterkel. Alikuwa na miaka 15. Binti huyo akaogelea 55.78, kasi kuliko wenzake wote wa timu yake, akampita Mjerumani, na Babashoff akaruka akiwa mbele. Akaulinda uongozi kwa 56.28. Jumla, dakika 3 na sekunde 44.82, rekodi mpya ya dunia, sekunde 0.68 mbele ya Wajerumani.

Tazameni tena zile namba nne. Hakuna hata mmoja aliyefanya muujiza peke yake. Kati ya mwenye kasi zaidi na mwenye kasi ndogo zaidi kuna sekunde 1.17 tu, na sehemu ya tofauti hiyo ni faida ya kuruka bila kungoja king'ora. Wamarekani walikuwa wameshindwa mbio moja baada ya nyingine siku baada ya siku. Siku ilipofika ya kuwajumlisha wanne, jumla ikawa upande wao.

Los Angeles mwaka 1984 ilitoa somo hilohilo kwa upande wa wanaume. Michael Gross wa Ujerumani Magharibi aliogelea zamu ya mwisho ya mita 200 kwa dakika 1 na sekunde 46.89, kasi ambayo hakuna aliyekuwa amewahi kuifikia, na bado akashindwa kwa sekunde 0.04. Mmarekani Bruce Hayes, aliyemzuia, alitumia zaidi ya sekunde moja kumzidi, lakini alikuwa ameingia majini na akiba aliyowekewa na Mike Heath, David Larson na Jeff Float. Float alipoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kusikia tangu utotoni.

Nimefika kwa yule mtu wa miaka 32. Anaitwa Jason Lezak. Ili kumwelewa inabidi turudi Sydney mwaka 2000. Wamarekani walikuwa hawajawahi kushindwa mita 100 mara nne mtindo huru tangu ziingizwe Olimpiki mwaka 1964. Michael Klim wa Australia akafungua kwa 48.18, rekodi ya dunia, na mwishoni Ian Thorpe, aliyekuwa ameshashinda mita 400 jioni hiyohiyo, akampita Gary Hall kwenye mita za mwisho. Lezak aliogelea zamu ya tatu ya timu hiyo iliyoshindwa. Athens mwaka 2004 alipewa zamu ya mwisho, akamaliza wa tatu. Dhahabu ilikwenda Afrika Kusini: Roland Schoeman, Lyndon Ferns, Darian Townsend na Ryk Neethling, kwa dakika 3 na sekunde 13.17, rekodi ya dunia. Bara letu lilishinda mbio hiyo ngumu kuliko zote, na watatu kati ya hao wanne walikuwa wameishi na kufanya mazoezi pamoja katika chuo kikuu cha Arizona. Ushindi ule ulipikwa katika bwawa moja.

Beijing, 2008. Jioni ya mchujo, Marekani waliwapumzisha nyota wao, wakawapeleka Nathan Adrian, Cullen Jones, Ben Wildman-Tobriner na Matt Grevers. Hao wakavunja rekodi ya dunia, 3:12.23. Fainali alibakishwa Jones peke yake, yeye aliyeponea chupuchupu kufa maji akiwa na miaka mitano na kupelekwa kujifunza kuogelea kwa sababu hiyo. Phelps akafungua, akafuata Garrett Weber-Gale, kisha Jones. Lezak aliporuka, mbele yake kwa zaidi ya nusu sekunde alikuwa Alain Bernard wa Ufaransa, mtu mkubwa, mwenye mabega mapana, aliyewahi kuishika rekodi ya dunia ya mita 100. Baada ya mita 50 pengo lilikuwa limezidi kuongezeka. Kisha Lezak akausogelea utepe unaotenganisha mistari yao, akayatumia maji yaliyokuwa yakivutwa na mwili wa Bernard, na mita kwa mita akapanda. Akagusa mbele kwa sekunde 0.08. Zamu yake ilikuwa 46.06. Mavazi ya kuogelea ya mwaka ule yalikuwa na msaada mkubwa, hilo lazima lisemwe. Timu tano za kwanza zilimaliza chini ya rekodi iliyowekwa kwenye mchujo. Lakini Bernard naye alikuwa amevaa vizuri, na alikuwa na mbio ya kulinda tu.

Wanaouliza Phelps alipataje nane, nawajibu kwamba ya pili alipewa na mtu aliyekuwa ameshindwa mbio hiyohiyo Olimpiki mbili mfululizo na bado akarudi kujaribu.

Kuna jambo la Athens sitaki kulipita. Timu ya kupokezana mitindo minne, yaani mgongo, chura, kipepeo na mtindo huru, huwa na nafasi moja tu ya kipepeo. Phelps alikuwa amemshinda Ian Crocker katika mita 100 kipepeo kwa sekunde 0.04, na kwa ushindi huo nafasi ya fainali ilikuwa yake. Crocker alikuwa na wiki mbaya. Alikuwa mgonjwa, na kwenye ile mbio waliyoshinda Waafrika Kusini ndiye aliyefungua kwa 50.05, muda ambao uliiweka Marekani nyuma ya timu zote, na lawama zikawa zake. Phelps, mwenye miaka 19, akamwachia nafasi. Akakaa jukwaani akishangilia, Crocker akaingia majini, timu ikashinda kwa rekodi ya dunia. Phelps naye alipata dhahabu yake, kwa kuwa alikuwa ameogelea mchujo. Kanuni ya kuwapa medali na walioogelea asubuhi ni ya haki kabisa, na ningefurahi kuiona katika mashindano ya shule zetu, ambako mtoto wa mchujo huondoka mikono mitupu.

Sasa nije kwetu. Nchi nyingi za ukanda huu zinapokwenda Olimpiki huingia kwa nafasi za upendeleo, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Tunajivunia vijana hao, na tuna sababu. Tumekuwa pia na mtu aliyefika fainali kwa uwezo wake: Mkenya Jason Dunford, Beijing mwaka 2008, aliogelea mchujo wa mita 100 kipepeo kwa 51.14, na kwa muda mfupi hiyo ikawa rekodi ya Olimpiki. Aliogelea fainali moja na Phelps. Dunford alikuwa mwanafunzi wa Stanford, akiogelea katika timu ya chuo iliyojaa watu wa kiwango chake. Yeye na wale wa Afrika Kusini waliyapata mbali na nyumbani mazingira yaleyale: bwawani, kila asubuhi, kulikuwa na mtu anayeweza kuwashinda.

Mazingira hayo yana sura ambayo kocha yeyote hapa anaijua. Mstari mmoja wa bwawa, vijana sita wakizunguka, wakienda upande wa kulia na kurudi upande wa pili, kila mmoja akiondoka sekunde tano nyuma ya aliye mbele. Saa kubwa ukutani, mshale wake wa sekunde ukizunguka. Wa kwanza anakata maji kwa ajili ya wote. Wa pili anaogelea katika maji yaliyokwisha kufunguliwa, na akimgusa wa kwanza vidole vya miguu maana yake ni moja: nipishe. Hapo wanabadilishana. Ukimweka bingwa wako peke yake katika mstari wake, ukidhani unamheshimu, umemwondolea kitu ambacho hakuna kocha anayeweza kukirudisha kwa kelele za ukingoni.

Nawaomba viongozi wa vilabu mfanye mambo mawili ambayo hayahitaji bajeti mpya. La kwanza, kwenye ubao wa matokeo wa klabu, pamoja na jina la mwenye kasi zaidi, andikeni jumla ya muda wa wanne wa kwanza, wavulana na wasichana, na mwibandike kila mwezi. Watoto wataisoma. Wa tano atajua amebakiza sekunde ngapi kuingia, na wa nne atajua anakimbizwa. La pili linahusu mbio mpya. Tangu Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, kuna kupokezana kwa mchanganyiko, wanaume wawili na wanawake wawili katika mitindo minne, na Waingereza walishinda ile ya kwanza kwa 3:37.58. Kocha ndiye anayeamua nani aogelee mtindo gani, mvulana au msichana. Kwa klabu yenye watoto wachache hii ni mbio inayowezekana wiki ijayo, na inamlazimu kocha kuwafundisha wasichana wake chura na kipepeo kwa uzito uleule anaowapa wavulana.

Muda wangu umekwisha. Makocha wenye maswali juu ya mazoezi ya makabidhiano, nitakuwa pale mbele, na nimekuja na saa ya kupimia. Tukipata vijana wanne walio tayari na ukingo wowote wa kusimama, tunaweza kuanza bila maji.